Posta ilifungwa 1906: kitongoji kilikwenda wapi?

Msomaji mmoja ananiuliza: "Naandika tasnifu kuhusu makazi ya wakulima Weusi kusini mwa Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nimepata nakala ya barua ya mwaka 1889 kutoka Arkansas. Juu yake pameandikwa jina la mahali na jina la kaunti, lakini mahali hapo hapapo kwenye ramani yoyote ya leo. Orodha moja ya mtandaoni inasema palikuwa na posta ya jina hilo iliyofungwa 1906. Je, niandike kwamba kijiji kilikufa mwaka huo? Na madaftari ya posta yanaweza kunionyesha watu waliokaa pale, au yataniachia jina na tarehe tu?"

Ndugu yangu, usiandike hivyo. Mwaka 1906 Idara ya Posta kule Washington iliacha kumtambua mtu fulani kuwa mpokeaji na mgawaji wa barua mahali fulani. Tarehe hiyo haithibitishi zaidi ya hapo. Watu huenda walikuwa wamekwisha hama miaka kumi kabla, na huenda wajukuu zao bado wanazikana palepale hadi leo. Posta ni kitu kimoja, kitongoji ni kitu kingine. Nimesoma kazi nyingi za vijana wenye bidii zilizoharibika kwa sababu mwandishi alivichanganya viwili hivyo tangu ukurasa wa kwanza.

Anza kwa kuelewa posta ya mashambani ya karne ya 19 ilikuwa nini. Mara nyingi ilikuwa rafu yenye vijumba vya barua kwenye kona ya duka, kwenye kinu, stesheni ya reli au sebule ya mkulima. Mwenye duka au mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mkuu wa posta. Akiteuliwa mwingine, posta ilimfuata huyo mpya, pengine maili tatu ng'ambo ya kijito, na jina likabaki lilelile. Ofisi za namna hii zilikuwa za daraja la nne, la chini kabisa, nazo ndizo zilizokuwa nyingi kupita zote. Mwaka 1901 Marekani ilifikisha ofisi za posta 76,945, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena. Kwa hiyo unapoona jina kwenye orodha, jiulize kwanza: lilikuwa jina la mahali, au jina la rafu iliyokuwa ikihamahama?

Daftari la kufungua kwanza ni la uteuzi wa wakuu wa posta, linaloanzia 1832 hadi tarehe 30 Septemba 1971. Nyaraka za Taifa za Marekani (National Archives, hifadhi kuu ya kumbukumbu za serikali) zimelihifadhi kwenye mikrofilamu namba M841, na picha zake zinasomeka mtandaoni. (Miaka ya kabla ya hapo, tangu 1789, iko kwenye M1131, lakini kwa shughuli yako huihitaji.) Limepangwa kwa jimbo, kisha kaunti, kisha ofisi. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanatafuta kaunti ya leo. Arkansas ilikatwakatwa upya baada ya vita. Kaunti ya Lincoln iliundwa 1871 na Lee 1873. Dorsey nayo iliundwa 1873, ikabadilishwa jina kuwa Cleveland mwaka 1885. Posta iliyofunguliwa 1870 inaweza kuwa na mistari yake ya mwanzo chini ya kaunti moja na ya mwisho chini ya nyingine, wala hakuna aliyehama hata hatua moja. Kabla hujasema ofisi haimo daftarini, tafuta historia ya mipaka ya kaunti yako na ufungue kurasa za kaunti mama zote.

Ukishaipata utaona mstari mmoja kwa kila mkuu wa posta: jina lake na tarehe ya kuteuliwa. Pembeni kuna maneno machache kuhusu kufunguliwa, kubadilishwa jina au kufungwa. Tarehe hizo ni za mezani Washington, si za siku mfuko wa kwanza wa barua ulipofika. Kuna ofisi zilizoandikwa daftarini na kisha uteuzi ukafutwa, hazikugawa hata barua moja. Kwa hiyo mstari wa daftari peke yake hauthibitishi kwamba posta ilifanya kazi. Barua yako ya 1889, kama ina mhuri wa ofisi hiyo, ni ushahidi mzito kuliko mstari huo. Itazame bahasha vizuri, kama ipo.

Jambo la pili linalopotosha ni mfululizo wa majina. Utakuta ofisi imebadilisha wakuu wanne ndani ya miaka kumi na miwili, na akili itakukimbiza kwenye picha ya kijiji chenye misukosuko, watu wakija na kuondoka. Kabla ya kufika huko, weka tarehe hizo kando ya tarehe za marais. Cleveland, wa chama cha Democratic, aliingia Machi 1885. Harrison wa Republican alimfuata Machi 1889, Cleveland akarudi 1893, McKinley akaingia 1897. Posta ilikuwa zawadi ya kisiasa, na kila chama kilipobadilishana ikulu na kingine maelfu ya wakuu wa posta wa vijijini waliondolewa ili wafuasi wa chama kilichoshinda wapate nafasi. Mabadiliko yanayoangukia miezi ya 1885 au 1889 mara nyingi yanasimulia habari za Washington. Lile linaloangukia katikati ya muhula, bila sababu ya kisiasa, ndilo la kufuatilia. Hapo pengine pana kifo, kuhama, ndoa au ugomvi. Wanawake wako wengi katika madaftari haya, na jina la ukoo likibadilika ilhali jina la kwanza limebaki lilelile, fungua kumbukumbu za ndoa za kaunti kabla ya kuhesabu watu wawili.

Sasa tuje kwenye neno la thamani kuliko yote katika mstari wa kufungwa: jina la ofisi ambako barua zilielekezwa baada ya hapo. Watu hulipita kwa sababu limebanwa pembeni kwa mwandiko mdogo. Lakini ndilo linalokuonyesha wakazi waliendelea kuchukua barua wapi, na kwa hiyo utafute anwani zao wapi baada ya 1906. Kama barua zilipelekwa kwenye mji wenye stesheni ya reli, una dokezo la kwanza kuhusu sababu.

Na mwaka wenyewe ni dokezo. Tarehe 1 Oktoba 1896 Idara ilianza majaribio ya kupeleka barua hadi nyumbani kwa wakulima, kuanzia Charles Town, Halltown na Uvilla huko West Virginia. Mwaka 1902 mpango ukawa wa kudumu. Mchukuzi wa barua alianza safari mjini, akazunguka maili nyingi za barabara za shamba, akatia barua kwenye sanduku la kila mkulima lililosimama kando ya barabara. Njia moja ya namna hiyo iliua ofisi ndogo kadhaa kwa mkupuo, kwa sababu hazikuwa na kazi tena. Posta nyingi sana za mashambani zilifungwa katika miaka hiyo huku watu wakiwa palepale, wakilima palepale, na wakipata barua kwa urahisi kuliko zamani. Kilichokufa ni jina katika anwani. Familia iliyokuwa ikiandika jina la kitongoji chake sasa iliandika namba ya njia na jina la mji ulio maili nane mbele. Vizazi viwili baadaye mjukuu anasema babu alitoka mjini, wakati babu hakuwahi kulala huko hata usiku mmoja. Kwa kaunti nyingi Idara ilichora ramani za njia hizi, na Nyaraka za Taifa wanazo. Ukiipata ya kaunti yako, itazame kabla ya kutumia neno "kufa" popote katika tasnifu.

Daftari la uteuzi linakupa majina na tarehe, ni kweli. Lakini kuna fungu la pili la kumbukumbu ambalo nakuomba ulikalie kwa siku nzima bila haraka: ripoti za mahali pa ofisi za posta, 1837 hadi 1950, mikrofilamu M1126. Za zamani ni chache, ila kuanzia miaka ya 1870 zinakuwa nyingi. Mtu alipoomba posta ifunguliwe, au alipotaka kuihamisha, Washington ilimtumia fomu yenye maswali. Ofisi itakuwa katika seksheni ipi, taunishipu ipi, renji ipi? Njia ya barua iliyo karibu ni namba ngapi, na barua hupita mara ngapi kwa wiki? Ofisi jirani upande huu na upande ule zinaitwaje, na ziko maili ngapi? Mto ulio karibu ni upi, na kijito ni kipi? Reli inapita upande gani? Kama ni kijiji, kina wakazi wangapi? Ofisi itahudumia watu wangapi? Pamoja na maswali hayo kulikuwa na ukurasa wa kuchorea ramani.

Anza na seksheni, taunishipu na renji, kwa sababu hizo zinakutoa kwenye kubahatisha. Katika majimbo yaliyopimwa na serikali kuu, Arkansas ikiwemo, nchi iligawanywa katika miraba ya maili 6 kila upande, yaani taunishipu (renji ni namba inayoonyesha mraba uko umbali gani mashariki au magharibi), na kila mraba ukakatwa vipande 36, yaani seksheni, vya maili moja ya mraba, sawa na ekari 640. Mipaka hiyo haijabadilika. Mwombaji akiandika robo ya kaskazini-mashariki ya seksheni ya 14, unaweza leo hii kuweka kidole juu ya ramani ya kisasa ukawa ndani ya nusu maili ya rafu ile ya barua. Kaunti zinabadilika na majina yanapotea, ila seksheni ya 14 iko pale ilipokuwa.

Mchoro nao una mambo yake. Wengine walichora mistari miwili wakaona inatosha. Wengine walijaza kila kijito, barabara, kivuko, kinu na kanisa. Kama ofisi ilihamishwa mara tatu, tafuta fomu tatu, uzipange kwa tarehe na upime kila moja kwa seksheni zake. Hapo utaona kama posta ilizunguka ndani ya jamii moja au ilihama kutoka jamii moja kwenda nyingine ikiwa na jina lilelile. Hili la pili linatokea, na ndilo linalozaa vitabu vya historia vinavyosema kijiji kilichokuwa kusini mwa mto kilikuwa kaskazini.

Jihadhari na jibu moja katika fomu hiyo: idadi ya watu watakaohudumiwa. Mwombaji alikuwa na maslahi. Alitaka posta, na posta ilivuta wateja dukani kwake, hivyo hakuwa na sababu ya kupunguza namba. Tena namba hiyo haihesabu kijiji. Inahesabu yeyote ambaye angefika kuchukua barua, hata aliyekaa maili tano. Swali la wakazi wa kijiji limewekwa peke yake, na mara nyingi utalikuta limeachwa wazi au limejibiwa kwamba si kijiji. Jibu hilo linakuambia kwamba mwombaji mwenyewe aliona pale ni nchi ya mashamba yaliyotawanyika, na kwamba jina la ofisi halikufunika mahali pamoja palipojengwa.

Kuhusu jina lenyewe, usifikiri wakazi ndio walioamua. Idara ilikataa ofisi mbili zenye jina moja ndani ya jimbo, kwa hiyo jamii iliyojiita kwa jina la kanisa lake ilikuta jina hilo limeshachukuliwa kwingine na ikapewa jingine. Mwaka 1894 likaja agizo kwamba majina mapya yawe mafupi au ya neno moja. Mara nyingi jina la posta ni la mtoto wa mwenye duka au la shamba kubwa. Waliokaa karibu walikuwa na jina lao, wakalitumia kanisani, shuleni na makaburini, bila kuliandika kwenye bahasha. Jamii ya wakulima Weusi ya DeWitty, katika vilima vya mchanga vya Nebraska, ilijulikana pia kwa jina la posta ya Audacious. Anayetafuta kwa jina moja anapata nusu ya maisha yao. Tafuta yote mawili, na kama yako matatu, tafuta matatu.

Sasa nije kwenye kiini cha kazi yako, kwa sababu hadi hapa ningeweza kumjibu hivi mtu yeyote. Daftari la uteuzi halisemi rangi ya mkuu wa posta. Na katika uwanda wa mto Mississippi upande wa Arkansas, ambako pamba ililimwa kwenye mashamba makubwa, posta mara nyingi ilikaa ndani ya duka la mwenye shamba. Familia mia za Weusi zinaweza kuwa zilipokea barua pale kwa miaka thelathini bila jina hata moja la kwao kuingia daftarini. Usipokuwa mwangalifu utaandika historia ya mwenye duka ukidhani ni ya kijiji.

Hata hivyo usikubali upesi kwamba hawakuwemo. Sheria ya 1802 ilizuia mtu asiye mzungu kubeba barua za serikali, na haikufutwa hadi tarehe 3 Machi 1865. Miaka miwili tu baadaye, Februari 1867, James W. Mason aliteuliwa kuwa mkuu wa posta ya Sunny Side, kaunti ya Chicot, Arkansas. Ndiye Mwafrika-Mmarekani wa kwanza anayejulikana kushika kazi hiyo. Shirika la posta la Marekani limekusanya orodha ya wakuu wa posta Weusi wanaojulikana wa karne ya 19. Anzia hapo, lakini usiishie hapo. Chukua kila jina katika ofisi yako na ulitafute kwenye sensa ya 1870, 1880 na 1900, ambazo zinaandika rangi. Ya 1890 usipoteze muda kuisaka: sehemu kubwa yake iliharibiwa na moto wa 1921 mjini Washington, na pengo hilo ndilo linalofanya madaftari ya posta yawe ya thamani kubwa kwa barua kama yako.

Kushika posta kulikuwa heshima na mshahara wa serikali kuu, na kwa mtu Mweusi wa kusini kulikuwa hatari ya kweli. Frazier B. Baker, mwalimu, aliteuliwa 1897 kuwa mkuu wa posta ya Lake City, South Carolina. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Februari 1898 kundi la wazungu lilichoma nyumba yake, ambamo posta pia ilikuwemo, na kuwapiga risasi waliokuwa wakikimbia moto. Aliuawa yeye na binti yake mchanga, Julia. Mkewe Lavinia na watoto wengine watano walinusurika. Washtakiwa walifikishwa mahakamani mwaka uliofuata na baraza la raia waliosikiliza kesi likashindwa kukubaliana, hakuna aliyetiwa hatiani. Leo jengo la posta la mji huo lina jina la Baker.

Au mtazame Minnie Cox wa Indianola, Mississippi, mama Mweusi msomi aliyeshika posta ya mji huo kwa miaka kadhaa. Wazungu wa pale walimtishia hadi akajiuzulu, Rais Theodore Roosevelt akakataa kuupokea ujiuzulu huo, na Januari 1903 akaamuru posta ifungwe. Barua za Indianola zikawa zinaelekezwa mji mwingine. Mtu anayesoma tarehe tu ataona ofisi imefungwa 1903 na ataanza kutafuta mafuriko au reli iliyohamishwa. Sababu ilikuwa chuki dhidi ya mwanamke mmoja aliyeifanya kazi yake vizuri. Ndiyo maana nasisitiza: kila tarehe ya kufungwa itafutiwe sababu yake, wala usiikisie kutoka mezani.

Kuna pia jamii zilizokuwa na posta yao kabisa, na hizo zinakupa kipimo cha kulinganisha. Nicodemus, Kansas, ilianzishwa 1877 na watu waliotoka utumwani Kentucky, na posta ikafunguliwa mwaka huohuo. Mwaka 1888 reli ilipita upande wa pili wa mto, biashara zikahamia mji mpya wa Bogue, na wengi wangekuambia Nicodemus ilikwisha hapo. Posta yake ilidumu hadi 1953. Na baada ya 1953? Watu wa ukoo wa waanzilishi bado wapo, na wenzao waliotawanyika hurudi kila mwaka kukutana. Blackdom, New Mexico, ilikuwa na posta kuanzia 1912 hadi 1919 tu, na hapo kwa kweli watu walitawanyika. Kufungwa kwa posta kunaweza kuwa na maana zote mbili, na ukiwa na tarehe peke yake huwezi kuzitofautisha.

Umeuliza kama utawaona watu. Utawaona, ila si ndani ya madaftari ya posta peke yake. Jina la posta ni ufunguo wa kumbukumbu nyingine, kwa sababu katika karne ile mtu alitambulika kwa ofisi anakochukulia barua. Karatasi za sensa ya 1860 na 1870 zina mstari juu wa kuandika posta ya karibu. Pitia kaunti nzima na ukusanye kurasa zote zenye jina lako. Kumbuka tu kwamba mhesabu watu aliandika ofisi iliyo karibu, hakuandika kwamba hao wote waliishi sehemu moja.

Kilicho bora zaidi ni majalada ya ardhi. Chini ya sheria ya 1862 mtu aliweza kupata hadi ekari 160 za serikali kwa kukaa na kulima miaka mitano, na sheria ya 1866 ilifungua ardhi ya serikali ya majimbo matano ya kusini, Arkansas ikiwa mojawapo, kwa lengo la kuwasaidia waliotoka utumwani. Alipokwenda kuthibitisha madai yake, mkulima alileta mashahidi majirani, na kila mmoja aliulizwa jina, umri na posta yake. Tangazo la gazeti lililotangulia ushahidi huo liliwataja mashahidi na ofisi yao kwa pamoja. Hebu fikiri maana yake. Hawa ni watu waliofahamiana vya kutosha kuapa mmoja kwa ajili ya mwingine, na wote walijitambulisha kwa posta moja. Kusanya majalada ya seksheni zinazozunguka ile uliyoipata kwenye fomu, chora nani alimshuhudia nani, na jamii yenyewe inaanza kuonekana, pamoja na mipaka ambayo Idara ya Posta haikuijua. Kama eneo lako lilikuwa la mashamba makubwa na wakulima wa kugawana mavuno, majalada hayo yatakuwa machache. Hapo kimbilia magazeti ya Weusi, hati za viwanja vya makanisa na shule, na orodha za makaburi.

Kuna kipimo kimoja cha ukubwa ambacho hakitumiki vya kutosha. Kila baada ya miaka miwili serikali ilichapisha rejista ya watumishi wake, na hadi kufikia 1911 iliwataja wakuu wa posta pamoja na malipo yao. Malipo ya ofisi ndogo yalitegemea kiasi cha barua zilizopita pale. Yaandike ya ofisi yako kwa miaka ishirini mfululizo. Yakipanda taratibu hadi 1905 kisha ofisi ikafungwa 1906, haielekei kwamba watu walikuwa wameondoka. Yakishuka miaka kumi kabla, una sababu ya kuuliza nini kiliwaondoa. Weka pembeni ofisi jirani pia, maana kushuka kwa moja kunaweza kuwa kupanda kwa nyingine iliyofunguliwa maili tatu mbele.

Kwa hiyo katika tasnifu yako tenganisha mambo matatu, kila moja na ushahidi wake: posta ilifanya kazi tangu lini hadi lini na katika seksheni zipi, jamii ilijiita nani na ilienea wapi, na watu waliondoka lini, kama waliondoka. La kwanza utalimaliza kwa wiki chache. La pili litakuchukua muda mrefu zaidi. La tatu anzia kwenye ile ofisi iliyopokea barua zao mwaka 1906: fungua sensa ya 1910 ya mji huo pamoja na mashamba yanayouzunguka, ukiwa na majina ya mashahidi wako mkononi, uone wangapi bado wapo.